Meza ya Mpima: Sarafu Isiyo na Tundu

Katika toleo lililopita niliandika mstari mmoja tu juu ya sarafu za majaribio. Nilisema kwamba viwanda vya sarafu vya karne ya 19 vilikuwa vinapiga vipande vichache kwanza, wakubwa wavitazame na kubishana juu yake, na kwamba Wafaransa na Wabelgiji mara nyingi waliviandika neno ESSAI, yaani jaribio. Kwa mstari huo mmoja nimepata barua kumi na nne. Nyingine zimeletwa kwa mkono mpaka hapa Katuba, Lubumbashi. Nimechagua sita.

Kwa wasomaji wapya: nilifanya kazi miaka 27 katika maabara ya kiwanda cha shaba. Neno hilo lilikuwa letu la kila asubuhi, kwa maana ya kupima sampuli ina metali kiasi gani. Esai ya shaba, esai ya kobalti, karatasi ya esai iko wapi? Tulikuwa tunayeyusha sampuli katika asidi, tunapitisha umeme, shaba inajishika kwenye wavu wa platini. Unapima wavu kabla, unaupima tena baada, na tofauti ndiyo jibu. Mizani yenyewe ilikaa ndani ya kabati la kioo, kwa sababu hata pumzi ya mpimaji huidanganya. Siku nilipoona kwa mara ya kwanza neno lile lile limepigwa juu ya sarafu, nilishtuka kama mtu aliyesikia jina la ukoo wake likiitwa katika mji wa ugenini. Hapo ndipo mapenzi haya yalipoanza.

Jambo Papa. Bibi yangu alipofariki aliniachia mkebe wa vifungo, na ndani yake nimekuta sarafu ya 10 centimes ya mwaka 1887, ya État Indépendant du Congo, ile Kongo ya mfalme Leopold. Zote za aina hiyo nilizowahi kuona zina tundu katikati. Yangu haina. Mnunuzi mmoja wa vitu vya kale anasema ni ya jaribio, ilipigwa kabla hawajaamua kutoboa, na yuko tayari kunipa dola 40 leo leo. Rafiki zangu wanasema nisiachie chini ya bei ya kiwanja. Nifanye nini? — Fundi wa baisikeli, Kamalondo

Mwanangu, umefanya vizuri kuileta Alhamisi kabla hujaiuza. Naeleza hapa tulichokiona wote wawili, ili na wengine wajue njia.

Tulianza na mizani. Sarafu ya 10 centimes ya wakati ule ni gramu 20 za shaba, tundu likiwa limeshatolewa. Yako imechakaa mpaka ncha za nyota zimelainika kama sabuni iliyotumika wiki nzima, na bado ilisoma 20.7. Sarafu iliyopita mikono mingi hupungua, hainenepi. Kabla sijashika kioo cha kukuzia nilishajua kuna kitu kimeongezwa.

Kisha kioo. Katikati kabisa, pale tundu lingekuwa, uliona mwenyewe mstari mwembamba wa mviringo, kama alama ya kikombe kilichowekwa mezani kikiwa na majimaji. Upande wa nyota mstari huo ulikuwa wazi. Upande wa zile herufi L zenye taji ulikuwa umesuguliwa ukafichwa, lakini tuligeuza sarafu pole pole kwenye mwanga wa dirisha mpaka ukajitokeza. Nilipogusa ndani ya mstari kwa ncha ya kijiti, metali ilikuwa laini na ya kijivu. Ni risasi, imepakwa rangi ya shaba. Mwisho tuliitungika kwa uzi tukaigonga kwa kalamu. Shaba nzima inaimba. Hii yako ilisema «tup» ikanyamaza.

Kwa hiyo si ya jaribio. Ni sarafu ya kawaida, mtu aliiziba.

Naomba uelewe jambo moja, maana yule mnunuzi hakukosea kila kitu. Alisema katikati pako wazi, hakuna mchoro, na hiyo ni dalili. Ni kweli katikati pako wazi, lakini chapa za sarafu zile, yaani vyuma vya kupigia mchoro, zilichorwa tangu mwanzo kwa kuacha nafasi ya tundu, watu waweze kuzitunga kwenye kamba kama walivyozoea kutunga shanga na simbi. Uwazi huo haushuhudii upande wowote. Uzito na ule mstari ndio vinavyoshuhudia.

Sarafu ya jaribio ya kweli hujionyesha namna nyingine. Kwanza, haikwenda sokoni, kwa hiyo mara nyingi haijachakaa. Ukingo wake ni wa pembe kali, na uwanja wake, yaani sehemu isiyo na mchoro, unang'aa kama maji yaliyotulia, kwa sababu ilipigwa polepole kwa chapa zilizosuguliwa vizuri. Pili, huenda metali si ile ya kawaida: mchoro wa fedha umepigwa kwa shaba, mchoro wa dhahabu umepigwa kwa bati au kwa aluminiamu. Tatu, huenda ni nene mara mbili ya kawaida. Wafaransa wana jina lake, piefo. Na nne, neno lenyewe ESSAI linaweza kuwepo uwanjani, dogo, karibu na mwaka au chini ya thamani. Waingereza na Wamarekani hawakuwa na desturi ya kuliandika, na ndiyo sababu za kwao ni ngumu zaidi kuzitambua.

Kuhusu dola 40: mwambie yule mtu tulichokiona. Akiitaka bado baada ya kusikia, mwuzie kwa moyo safi. Ingekuwa yangu nisingeiuza. Mtu fulani alikaa chini akaziba tundu lile kwa mikono yake, na bibi yako akaiweka pamoja na vifungo vyake miaka yote hiyo.

Papa Mpima, nakusoma tangu mwanzo wa safu hii, lakini hapa umenishinda. Kwa nini mtu atoe maelfu ya dola kwa pesa ambayo haijawahi kununua hata kipimo cha chumvi? Na hao wenye viwanda walikuwa wanajaribu nini hasa? — Mwalimu, Likasi

Mwalimu, hili ndilo swali nililolisubiri. Nitachukua nafasi kubwa, wahariri wanisamehe.

Sarafu ya sokoni inatuambia serikali iliamua nini. Ile ya jaribio imebeba mabishano yaliyotangulia, na mara nyingi mabishano hayo yalihusu kitu tunachokijua sana sisi watu wa Katanga: bei ya shaba.

Tazama Marekani. Senti yao ya zamani ilikuwa shaba tupu, karibu gramu 11, nzito na pana. Ilipofika katikati ya karne, gharama ya kuipiga ilikuwa inaila thamani yake yote. Wakaanza kutafuta njia. Mwaka 1850 walijaribu senti ndogo ya shaba iliyochanganywa na fedha kidogo, na ili isiwe ndogo mno wakaitoboa tundu kubwa katikati, ikawa pete. Miaka 37 kabla ya zile zetu za Kongo! Ilikataliwa. Ilikuwa inang'ang'ania kwenye chapa wakati wa kuitoa, na kuitenganisha ile fedha na shaba baadaye kungegharimu. Mtu wa maabara akisoma hivyo anatikisa kichwa, kwa sababu metali mbili zikishaoana, kuziachanisha ni kazi ya moto na pesa.

Mwaka 1856 wakajaribu njia nyingine: sehemu 88 za shaba kwa 12 za nikeli, uzito gramu 4.67, na juu yake tai anayeruka, kazi ya mchongaji James Longacre. Walipiga mamia ya vipande na kuvigawa kwa wabunge na wakubwa wengine, wavishike kwa mikono, wavipime kwa vidole, wazoee. Tarehe 21 Februari 1857 sheria ikapita, na senti kubwa ya shaba ikafa. Kwa hiyo ile ya 1856 ni ya jaribio, na ya 1857 ni ya kawaida, ilhali mchoro ni mmoja. Tofauti ya mwaka mmoja inageuza bei kabisa, na ndiyo sababu kuna watu wanaochukua senti ya 1858 na kuichonga ile 8 ya mwisho iwe 6. Na nikeli nayo haikudumu katika senti, maana ni ngumu na inachosha chapa. Mwaka 1864 walihamia shaba nyeusi, yaani shaba yenye bati na zinki kidogo.

Sasa nikupe ile ninayoipenda kuliko zote, ingawa sitaishika maishani. Mwaka 1874 mfanyabiashara mmoja wa Marekani, Dana Bickford, alirudi kutoka Ulaya amechoshwa na kubadilisha pesa kila mpaka. Akapendekeza sarafu ya dhahabu ya dola 10 ambayo ingeeleweka kila mahali. Kiwanda cha sarafu cha Philadelphia kikapiga vipande vya jaribio. Upande mmoja umegawanywa vyumba sita, na kila chumba kina thamani yake: dola 10, pauni 2 shilingi 1 na peni 1, marki 41.99, kroni 37.31, gulden 20.73, faranga 51.81. Zote juu ya kipande kimoja!

Peleka mchoro huo kwa mbadilishaji pesa yeyote anayekaa na matita yake hapa mjini, mwenye dola mkono mmoja, franga mkono wa pili na kwacha mfukoni, umwulize sarafu ile ilikufa kwa nini. Hatakawia kujibu. Nilimwuliza kijana mmoja hapa kwetu. Aliitazama picha, akaniuliza: «Papa, na kesho bei ikibadilika?» Ndiyo hivyo. Huwezi kuipiga bei ya leo ndani ya dhahabu itakayoishi miaka mia. Kijana yule hajasoma historia ya pesa, na jibu lake lilikuwa sahihi kabisa.

Ndoto yenyewe haikuwa ya Bickford peke yake. Ufaransa, Ubelgiji, Italia na Uswisi walikubaliana Desemba 1865 sarafu zao ziwe na uzito mmoja na usafi mmoja wa metali, na mwaka 1867 kulikuwa na mkutano Paris juu ya pesa ya mataifa yote. Kutoka hapo zikaja za jaribio zilizoandikwa dola 5 na faranga 25 pamoja. Mwaka 1879 na 1880 ikaja ile inayoitwa Stella, ya dola 4, iliyokusudiwa kusogelea faranga 20. Juu yake wameandika mchanganyiko wenyewe: gramu 6 za dhahabu, 0.3 za fedha, 0.7 za shaba, jumla gramu 7. Hebu fikiri, Mwalimu, karatasi ya maabara imepigwa juu ya uso wa pesa! Wabunge waliuziwa. Nyingine zilitiwa vitanzi zikavaliwa shingoni, na mpaka leo Stella yenye alama ya kitanzi kilichoondolewa hushuka bei.

Umeuliza kwa nini watu watoe maelfu. Kuna mtu aliyetoa elfu ishirini. Mwaka 1877 kiwanda cha Marekani kilipiga jaribio la dola 50 za dhahabu, vipande viwili tu vya dhahabu, vingine vya shaba. Mwaka 1909 mkusanyaji aitwaye William Woodin alivinunua vile viwili kwa dola 10,000 kila kimoja. Kelele zikawa kubwa: mali ya serikali imeuzwaje? Mwishowe Woodin alivirudisha, na badala yake akapewa shehena ya sarafu nyingine za majaribio zilizokuwa zimehifadhiwa kiwandani. Sarafu nyingi za majaribio za Marekani zilizo mikononi mwa wakusanyaji leo zimepita katika mapatano hayo. Mwaka 1913 yeye na Edgar Adams walitoa kitabu juu yake, na mwaka 1933 Woodin huyo huyo alikuwa waziri wa fedha wa rais Roosevelt. Vile vipande viwili viko katika jumba la makumbusho la Smithsonian, Washington.

Mimi, ukiniuliza, zile za shaba zinanigusa zaidi kuliko za dhahabu. Dhahabu humpumbaza mtazamaji. Shaba inakuachia uone mchoro, na unaona mchongaji alipositasita.

Jambo Papa. Mimi nauza vitenge Kadutu. Marehemu baba aliniachia faranga 5 ya fedha ya mwaka 1896, yenye kichwa cha Leopold wa pili. Bwana mmoja anasema inang'aa hivyo kwa sababu ni ya jaribio. Mwingine anasema ni bandia. Naogopa kumpa sonara aikwangue. Naweza kujua ukweli nyumbani? — Mama wa watoto wanne, Bukavu

Unaweza, Mama, na usikubali aikwangue mtu yeyote.

Azima mizani ndogo ya wanunuzi wa dhahabu, ile inayosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu. Pale Bukavu hutakosa mtu mwenye nayo. Pima sarafu ikiwa kavu. Faranga 5 ya Leopold inapaswa kuwa gramu 25, na ikichakaa inaweza kushuka kidogo. Upana wake ni milimita 37. Hapo nusu ya kazi imekwisha.

Sasa weka kikombe cha maji juu ya mizani, ubonyeze isome sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, uishushe ndani ya maji mpaka izame yote, lakini isiguse chini wala pembeni. Shikilia mkono utulie. Mizani itasoma namba ndogo. Namba hiyo ni uzito wa maji yaliyosukumwa na sarafu. Gawanya uzito wa kwanza kwa namba hii. Fedha ya faranga 5, sehemu 900 kwa 1,000, inatoa 10.3 hivi, kwa maneno mengine, ndani ya maji mizani isome karibu 2.4. Ikisoma 2.8, umeshika shaba au mchanganyiko wa nikeli uliopakwa fedha. Ikipita 3, ni bati au zinki. Futa mapovu yaliyojishika kwenye sarafu kabla ya kusoma, la sivyo utapata jibu la uongo. Kisha ikaushe kwa kitambaa laini kwa kuibonyeza, usiisugue.

Ikipita mtihani huo, furahi, ni fedha ya kweli. Bado haitakuwa ya jaribio. Aina hii ilipigwa kwa matumizi, na mwaka 1896 ni mmoja wa miaka yake ya kawaida. Kuhusu kung'aa, umeniandikia mwishoni mwa barua kwamba mdogo wako aliisafisha kwa dawa ya meno. Hapo ndipo mng'ao ulipotoka.

Usimkasirikie. Mimi nilifanya vibaya zaidi. Mwaka 1989 nilinunua 5 centimes ya 1888, ya kahawia iliyokolea, nzuri, mistari ya nyota bado inakata kidole. Mtu wa maabara mzima, nikaichukua nikaisugua kwa limau na majivu, kwa sababu nilitaka kuiona «kama ilivyozaliwa». Ilitoka ya waridi, kama ngozi iliyoungua. Imepita miaka mingi na rangi haijarudi, na haitarudi. Ile kahawia ilikuwa ngozi yake, miaka mia moja ilikuwa imeijenga, nami niliivua kwa dakika tano. Iko kwenye droo yangu. Kila anayekuja na sarafu na limau namwonyesha hiyo kwanza.

Weka ya baba yako kwenye karatasi kavu, mbali na plastiki laini inayonuka. Fedha itatiwa giza tena pole pole, na giza hilo liache.

Mzee wetu, mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu hapa Goma. Nataka kuanza kukusanya sarafu za majaribio za karne ya 19. Naweza kutenga dola 30 kwa mwezi. Kwenye simu nimeona Stella ya 1879 inauzwa dola 25. Niagize? — Kijana wa Birere

Usiagize. Stella ya kweli haiwezi kuuzwa dola 25, wala elfu 25. Bei yake ni zaidi ya hapo. Utakachopokea ni shaba nyepesi iliyopakwa rangi ya dhahabu. Sheria ya Marekani tangu 1973 inataka nakala za sarafu ziandikwe neno COPY, lakini wengi wanaozitengeneza leo hawaijali.

Na hata ya kweli inaweza kukuvuruga. Kiwanda cha Philadelphia, chini ya mkurugenzi James Ross Snowden, karibu na mwaka 1859, kilipiga upya sarafu za majaribio za zamani kwa chapa za zamani, mwaka wa zamani ukiwa palepale, ili kubadilishana na wakusanyaji waliokuwa na medali za George Washington. Kwa hiyo mwaka uliopigwa juu ya sarafu si lazima uwe mwaka iliyopigwa. Hilo unaweza kujifunza kwa bei ndogo: tafuta riali ya Maria Theresa, malkia wa Austria, ya 1780, sarafu ya fedha yenye uzito wa gramu 28. Mwaka huo huo 1780 umeendelea kupigwa karne ya 19 yote na ya 20 pia. Linganisha mbili tatu, utaona mikono tofauti ya wachongaji chini ya tarehe moja. Jicho linakomazwa hapo.

Ushauri wangu kwa dola zako: miezi sita usinunue sarafu yoyote. Nunua mizani na kioo cha kukuzia cha mara kumi. Miezi sita inayofuata, nunua sarafu za kawaida za Kongo ya 1887 hadi 1908, zilizochakaa, za bei nafuu, uzijue uzito wake wote kwa kichwa. Atakayekuja kukuuzia ya jaribio atakukuta unajua ya kawaida inavyosomeka. Na ukikutana na faranga 1 ya Afrique Équatoriale Française, yaani Afrika ya Ikweta ya Wafaransa, ya 1948, yenye kichwa cha swala na neno ESSAI, hiyo ni ya jaribio kweli, ya kizazi cha baadaye, nayo iko ndani ya uwezo wa mwanafunzi mwenye subira. Ianzie hiyo, hata kama si karne unayoitaka.

Misalaba ya shaba ya wazee wetu, ile croisette, nayo si aina ya jaribio la pesa? — Mchimbaji, Kipushi

Hapana, ndugu yangu. Ilikuwa pesa kamili na mali kamili. Makaburini Sanga, huko Upemba, misalaba ya nyakati za baadaye ni midogo na inafanana zaidi kuliko ya mwanzo, yaani watu walikuwa wanaihesabu. Nenda uitazame kwenye jumba la makumbusho hapa Lubumbashi. Usiyeyushe uliyo nayo, hata bei ya shaba ikipanda mara mbili.

Papa, hapa Kalemie kuna familia yenye senti ya shaba ya Kiarabu, ina picha ya mizani. Wanasema ilikuja na misafara kutoka pwani. Ni ya jaribio? — Msomaji

Si ya jaribio. Ni ile sarafu ndogo iliyoitwa pesa, ya Sultani Barghash bin Said wa Unguja, na kama mwaka ulioandikwa kwa Kiarabu ni 1299, ni sawa na 1882 kwa hesabu yetu. Ilitumika kweli, ikazunguka sokoni. Mwaka huo huo yalipigwa mariali ya dhahabu kwa jina lake, machache mno, na hayo ndiyo wakusanyaji wanayoyaota.

Waambie wasiisafishe, waipige picha pande zote mbili na ukingo, na waandike kwenye karatasi nani aliipata kwa nani, majina yote wanayokumbuka, kabla mzee wa familia hajaondoka. Mimi sinunui kitu kwa wasomaji wa safu hii, wala hii sitainunua. Lakini wakipita Lubumbashi, niombeeni kwao dakika moja tu: sarafu yenye mizani, nataka kuiweka juu ya mizani yangu.